Usimpokee Haboba Jerikeni

Munira mwanangu,

Umetoka kwenda kuwaaga rafiki zako, na mabegi yako mawili, kubwa na dogo, yamebaki karibu na mlango kama wageni wanaokataa kukaa. Nina muda mpaka urudi. Sitaandika habari za sabuni, wala chandarua, wala pikipiki ya nani usipande. Hayo tumeyasema mpaka ukaanza kuyamalizia wewe mwenyewe kwa sauti yangu. Nataka kukuandikia juu ya magoti ya Haboba.

Cheka kwanza, halafu uendelee kusoma. Mama wengine huwaandikia binti zao juu ya wavulana. Kwa kuwa nilikuzaa nikiwa mkubwa kidogo tu kuliko ulivyo sasa, ungetarajia nami nifanye hivyo. Lakini juu ya wavulana nimekwisha kukuambia yote ninayoyajua, na si mengi. Juu ya magoti ninajua mengi. Ni kazi iliyokulisha, na ni kazi niliyoikosea vibaya nilipoifanya kwa mtu ninayempenda kuliko wote.

Kesho unakwenda Ludara kukaa na Haboba, mama yangu, mpaka umalize kidato cha sita. Unamjua Haboba wa likizo, anayekuchinjia kuku na kukuambia umekonda. Sasa utamjua Haboba wa Jumatatu. Ndiyo maana naandika.

Huwezi kukumbuka, lakini alikulea peke yake nilipokuwa chuoni Kampala nikisomea tiba ya viungo. Nilikuwa nikirudi likizo nakukuta mgongoni kwake, umefungwa kitenge, naye ameinama anapanda njugu. Ulikuwa mzito. Alikuwa anashika goti kwanza kabla ya kunyooka, akisema "Ya Rabi," na wewe ulijifunza kusema "Ya Rabi" kabla ya kujifunza kusema mama. Kila mtu aliona ni jambo la kuchekesha. Mimi nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia, kwa sababu nilikuwa nimeanza kusoma vitabu vya viungo na nilidhani ninaona kwa macho yangu jinsi goti linavyomalizwa na mtoto wangu.

Nikukataze jambo moja mapema: usije ukabeba wazo hilo. Mimi nimelibeba miaka na halikuwa la kweli. Magoti ya watu huuma kwa sababu nyingi, umri, uzito, damu ya ukoo, jeraha la zamani, na kumbeba mjukuu si hukumu ya kifo. Lakini hatia ina akili yake. Nilipomaliza chuo na kuanza kazi hapa Arua, kitu cha kwanza nilichotaka kumpa mama yangu ni kiti.

Alikuja na goti la kulia limevimba. Tukapiga picha ya eksirei. Nikaishika picha ile dirishani, mimi na koti langu jeupe ambalo bado lilikuwa na mikunjo ya dukani, nikatafuta namna ya kumweleza gegedu, ule utando laini unaofunika ncha za mifupa ili isisuguane. Mifano ya vitabu sikuitaka. Nilitaka aelewe kwa lugha ya nyumba yetu, Kiswahili cha kambi ya jeshi. Unajua baba yangu alikuwa Mkakwa na Haboba ni Mlugbara, na walikutana mahali ambapo kila amri ilitolewa kwa Kiswahili, hata hilo jina la Haboba wewe ulilichukua kwa watoto wa majirani Wanubi. Basi nikamwambia:

"Mama, oili ya goti imekwisha."

Akatikisa kichwa taratibu. "Imekwisha yote?"

"Karibu yote. Pumzika sasa. Umefanya kazi ya kutosha."

Alinitazama kwa heshima, kama mtu anayempa mtoto wake cheo. Nilifurahi sana kwamba ameelewa. Na alielewa kweli.

Nilipofika Ludara miezi kadhaa baadaye, nilimkuta barazani kwenye kiti cha plastiki. Msichana wa jirani alikuwa anateka maji. Shamba la njugu alikuwa amempa mtu alime. Sokoni alikuwa haendi tena, na soko la Ludara unalijua lilivyo kwake: huenda kuuza vikombe viwili vya mbegu za simsim na kurudi na habari za kata nzima. Alikuwa anaswali akiwa amekaa. Nikamshika paja nikashtuka, nyama ilikuwa imelegea kama kitambaa. Aliponyanyuka kunisalimia alishika ukuta.

"Mama, mbona unakaa tu siku nzima?"

"Si wewe ulisema oili imekwisha?"

"Nilisema, lakini..."

"Baba yako, Mungu amrehemu, aliendesha lori ya jeshi mpaka nywele yake ikawa nyeupe. Mimi nilikaa mbele na yeye kutoka hapa mpaka Gulu. Kitu moja alinifundisha. Taa ya oili ikiwaka, unafanya nini?"

Nilikuwa nimeanza kuona.

"Unazima injini," akasema. "Unapaki kando ya barabara. Ukilazimisha, injini inakufa kabisa. Hawa mwanangu, sasa mimi nimepaki."

Alisema kwa fahari, Munira. Alikuwa amenitii. Mimi mtoto wake msomi nilikuwa nimempa amri na yeye, mke wa askari, akaitekeleza bila kulalamika. Na kila siku aliyokaa pale, misuli inayolishika goti ilizidi kulegea, goti likazidi kuuma, na maumivu yakamthibitishia kwamba oili kweli imekwisha.

Nimefikiri sana juu ya siku ile. Ninapofikiri najiona nimesimama dirishani na ile picha, na najiuliza nilikuwa nazungumza na nani. Nadhani nilikuwa nazungumza na hatia yangu. Nilitaka apumzike ili mimi nipate kupumzika. Ukija kumpa mtu ushauri, jiulize kimyakimya ni nani kati yenu atakayelala vizuri zaidi baada ya hapo.

Basi nikageuka, na nikageuka kwa nguvu nyingi kupita kiasi, kama ilivyo tabia yangu, ambayo naona umeirithi. Nilimwandalia mazoezi ya goti, ya nyonga, ya mgongo, ya kunyoosha, ya kukaza, asubuhi na jioni. Nikarudi Arua. Kila nilipopiga simu alinijibu, "Nimefanya, mama." Hakuwa amefanya. Alifanya yote siku ya kwanza, goti likavimba kama papai, akaogopa kuniambia kwa kuwa nilionekana nina haraka. Mjomba wako Swadik, aliyekuwa amekuja kutoka Kampala, ndiye aliyenipigia.

"Wewe Hawa, iko kazi yako ya kutesa mama? Kwanza unasema apumzike, saa hii unasema aruke kama rikruti! Hebu sema kitu moja!"

Alikuwa na haki ya kukasirika. Nilikubali kosa, na kukubali kosa mbele ya Swadik kunanigharimu, unajua.

Kilichobadilisha mambo kilikuwa swali. Kwa kweli nililipata kazini, katika darasa la magoti la Alhamisi, ambalo nalo miaka ya mwanzo niliharibu kwa kuhutubia mno. Kuna mzee mmoja wa Vurra, aliyekuwa akipakua malori pale forodhani. Huja na picha yake ya goti ndani ya bahasha na kumwonyesha kila mtu kama kitambulisho. Siku moja nilichoka kueleza mifupa, nikamuuliza tu, "Mzee, goti likipata nguvu, unataka likupeleke wapi?"

"Aru, ng'ambo ya mpaka. Kwa bibi yangu ya pili."

Mama mmoja akadakia: "Na bibi ya kwanza anajua?"

"Yeye ndiye ananisukuma! Anasema mutu akikaa siku yote nyumbani anamaliza chai."

Darasa zima likacheka, na yule mzee akasimama na kukaa kwenye benchi mara nyingi kuliko nilivyowahi kumwona akifanya. Nikaona: nilikuwa nawapa watu mazoezi ya goti, na hakuna mtu anayeishi kwa ajili ya goti.

Nikaenda Ludara nikamuuliza Haboba swali lile lile. Nilitegemea aseme sokoni. Alitazama msala uliokunjwa juu ya sanduku.

"Chini," akasema. "Nataka ifike chini. Mungu anapokea ile ya kwenye kiti, najua, shehe alisema. Lakini mimi nataka kuweka uso chini kama zamani."

Hapo ndipo nilipomweleza upya, na safari hii nililifikiria neno kwanza. Nikamwambia, "Mama, nilikosea. Hii goti si kama lori ya Baba. Hii injini inatengeneza oili yake yenyewe, lakini inatengeneza ikiwa inatembea. Ukizima, inakauka."

Akanikazia macho. "Inajitengenezea?"

"Ikitembea. Na chakula ya ile gegedu inaingia hivyo hivyo, goti ikikunja na kunyooka. Na misuli ya paja ndiyo springi. Springi ikilegea, mzigo yote inaanguka juu ya goti."

"Kumbe Mungu ni fundi kuliko mafundi wote wa jeshi." Halafu akanichapa begani. "Na wewe ulificha hii maneno muda yote huo?"

Tukaanza na kidogo kabisa: kusimama kutoka kitandani bila kushika, polepole, na kukaa bila kujitupa. Yeye ndiye aliyeiita kwata. Alikuwa ameitazama kwata ya askari kwenye uwanja wa kambi kwa nusu ya maisha yake, akiwa na beseni la nguo, na kumbe alikuwa anajua kila amri. Utamsikia alfajiri: "Simama! Kaa! Simama! Wewe mguu ya kushoto, iko unalala?" Kuku wanatawanyika. Usimcheke, au mcheke, yeye mwenyewe anacheka.

Alipokuwa na nguvu kidogo tulijifunza kushuka chini akishika kiti, goti moja, halafu la pili, juu ya mto. Siku ya kwanza aliposhuka peke yake, aliinama akaweka paji la uso juu ya msala na hakuinuka. Nilisubiri. Nikaogopa.

"Mama?"

"Niache. Nasalimia."

Alipomaliza kusalimia alikuwa hawezi kunyanyuka. Tukajaribu, tukashindwa, tukaishia wote wawili chini tumeegemea sanduku. "Sasa nitakaa hapa mpaka kiama," akasema, na tulicheka mpaka msichana wa jirani akaja kuchungulia. Wiki zilizofuata tulifanya kazi ya kupanda tu. Leo anashuka na kupanda mwenyewe. Maumivu bado yapo, siku nyingine mengi. Goti lile halijawa jipya na halitakuwa. Lakini anakwenda sokoni, analima kipande cha njugu karibu na nyumba, na anajua mwenyewe kwa nini anafanya anachofanya.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Swadik hajaridhika. Usimwone mbaya, anampenda mama kwa namna ambayo watu wengi wa kwetu wanapenda wazazi, yaani kwa kuwakalisha. Kwetu mtu mzima anayeheshimiwa ana kiti, na watoto waliokuzwa vizuri huonekana kwa wingi wa kazi ambazo mama yao hafanyi. Alileta kiti cha magurudumu kutoka Kampala, kizuri, cha gharama. Haboba akamshukuru sana. Swadik alipoondoka, akakipakia magunia ya mahindi na kukisukuma mwenyewe mpaka kwenye mashine ya kusaga. Habari zikamfikia. Alinipigia akiwa hawezi kupumua kwa hasira.

"Watu Ludara wanasema nini? Mama ya Swadik anasukuma mahindi na wheelchair! Watoto iko wapi?"

"Mtoto mmoja yuko hapa anaongea na wewe," nikamwambia.

"Usilete mchezo. Idd hii nitakuja na macho yangu. Nikikuta mama anaumia ama ameanguka, nampeleka Kampala, atakaa kwangu juu, atapumzika. Na wewe hutasema kitu."

Nyumba ya Swadik iko ghorofani. Hakuna njugu huko, hakuna soko, hakuna mtu anayejua baba yangu aliendesha nini. Mama yangu akikalishwa kule, ninajua kwa uhakika wa kazi yangu kitakachotokea kwa mapaja yake, na baada ya hapo hatashuka tena ile ngazi, wala kwenye msala hatashuka.

Sikutumi Ludara uwe mlinzi. Unakwenda kusoma, na ukifeli kemia sitapokea magoti ya Haboba kuwa sababu. Lakini utaishi naye, na kuishi na mtu kunafanya zaidi kuliko daktari anayekuja mwisho wa mwezi. Kwa hiyo nina ombi moja, na ni gumu kwa sababu linavunja kitu nilichokufundisha mwenyewe.

Ulipokuwa mdogo ulimpita mwalimu wako mzee barabarani akiwa na mfuko wa muhogo, nikakurudisha ukampokee. Ulilia kwa aibu, lakini tangu siku hiyo hujampita mtu mzima mwenye mzigo. Watu wananisifu kwa ajili yako. Sasa nakuomba: Haboba akitoka kisimani, usimpokee jerikeni. Ile ndogo iliyokuwa ya mafuta ya kupikia, anayoichagua mwenyewe. Ile kubwa ya njano ni yako, beba bila kuuliza. Lakini ile ndogo iache mkononi mwake. Tembea kando yake, mwendo wake, na zungumzeni.

Mikono yako itawasha. Majirani watakuona unatembea mikono mitupu karibu na bibi yako na watasema, mtoto wa msomi, hana adabu. Haboba atakutetea kabla hujafungua mdomo, nilimsikia akimjibu mama mmoja: "Nani alikuambia mimi ni mgonjwa? Mimi iko kwata. Wewe ukitaka kubeba kitu, beba mdomo yako." Lakini ndani yako utajisikia vibaya, na hilo hakuna wa kukutetea nalo. Vumilia. Ni adabu pia, ila ya aina inayochelewa kuonekana.

Utauliza utajuaje kwamba amezidisha. Maumivu yanayokuja akitembea na kutulia akishakunywa chai, hayo ni ya kawaida, usiyaogope na usimtishe nayo. Yakilala naye hadi asubuhi na goti limejaa, siku hiyo mpunguzie, atembee kidogo tu, apashe goti moto kwa kitambaa, kesho aendelee. Usimpaki. Lakini goti likiwa jekundu na la moto pamoja na homa, au akianguka na mguu ukakataa kukanyaga, nipigie hapo hapo na aende hospitali, hata akikataa, na atakataa. Na usimwambie kamwe neno imekwisha. Goti linaweza kuwa limechoka, limekaza, limeamka vibaya. Chagua neno lolote lenye kesho ndani yake.

Swadik akija Idd, msalimie vizuri, mpikie, umwache aone. Usimhubirie. Mimi nimemhubiria na sauti yangu amekwisha kuizoea. Haboba mwenyewe ana mpango, ingawa anadhani siujui: anataka siku hiyo aswali mbele yake, chini, na anyanyuke bila kiti. Anafanya mazoezi ya kunyanyuka kila asubuhi kwa ajili ya dakika ile. Nadhani ataweza. Ukiwa karibu wakati ananyanyuka na ukaona mkono wa mjomba wako unakwenda kumshika, mshike mkono mjomba. Mshike tu, kwa heshima, kama unamsalimia.

Nimeandika mengi kuliko nilivyokusudia na sasa nasikia sauti yako kwa jirani, mnacheka. Nikiri kwamba katika kukuandikia juu ya Haboba nimekuwa nikijiandikia mimi. Miaka hii yote nimekupokea mizigo mingi. Niliongea na walimu wako kabla wewe hujaongea, nilikumalizia ugomvi wako na rafiki, niliamua tumbo lako limeshiba. Ninajua kinachotokea kwa msuli usiobeba, nakifundisha kila Alhamisi, na bado nyumbani nilikukalisha. Kwa hiyo kesho nitakupeleka mpaka kwenye gari la Koboko na nitaishia pale. Nilikuwa nimepanga kuja nawe hadi Ludara. Sitakuja. Mikono yangu nayo itawasha.

Haboba amesema atakuja kukupokea senta ya Ludara, pale wanapouza mihogo. Ni mbali kwake na amekataa pikipiki. Utashuka garini na utamwona upande ule wa barabara, mdogo kuliko unavyomkumbuka, anakuja kwa mwendo wake, bega moja likipanda na kushuka. Kila kitu nilichokufundisha kitakuambia ukimbie ukamkute njiani. Usikimbie, Munira. Simama na mizigo yako, umtazame mpaka afike.

Akifika atanyoosha mkono akupokee begi. Mpe lile dogo.

Mama yako,
Hawa